Mume wangu anajifunza kurusha ndege wikendi, na watu wana maneno

Swali: "Mume wangu ni mhasibu, ana miaka 38. Mwaka huu ameanza kujifunza kurusha ndege pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, si ati anatafuta kazi, ni kupenda tu. Sasa majirani wanasema tuna pesa chafu, mama mkwe analia kila akipiga simu ati mtoto wake anatafuta kifo, na kanisani kuna mtu aliniuliza kama siku hizi sisi ni wazungu. Mimi mwenyewe sijui nisimame wapi. Kwani watu wanawaonaje hawa marubani wa hobi, na wanasema ukweli au ni maneno tu? Mama Wawili, Ruiru."

Jibu:

Asante dada kwa kuuliza wazi hivyo. Mimi ni mkufunzi wa urubani, nimefundisha Wilson miaka mingi, na karibu kila mwanafunzi ambaye hakuja kutafuta kazi huniletea habari hizi hizi, kwamba nyumbani wanamwona kama mtu aliyeharibika kidogo. Nitapitia yote uliyoandika lakini jibu lenyewe kwa kifupi ni hili: kwa upande wa pesa watu wamekosea kwa sehemu kubwa, kwa upande wa kifo wamekosea nusu, na kuna kitu kimoja wanapaswa kukiogopa na hawakiogopi kabisa, nacho ni rubani ambaye hawezi kusema "leo siendi". Hicho ndicho ningetaka ukitazame kwa mumeo, hayo mengine ni kelele ya mtaa.

Tuanze na hii ya uzungu manake ndiyo kongwe na haikutoka hewani. Klabu ya marubani wa kujifurahisha hapa kwetu, Aero Club of East Africa, ilianza 1927. Wilson yenyewe imepewa jina la Florence Kerr Wilson, mama aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929. Wakati huo waliokuwa wanaruka ni masetla na marafiki zao, akina Denys Finch Hatton aliyekufa na kindege chake cha Gipsy Moth pale Voi mwaka 1931, na Beryl Markham aliyelelewa Njoro, ambaye Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza akaangukia kwenye kinamasi huko Nova Scotia, Kanada, akatoka mzima. Hao ndio walioandikiwa vitabu na kutengenezewa sinema, na ukiangalia hizo hadithi zote Mwafrika hayuko kwenye kiti cha rubani. Kwa hiyo mtu wa Ruiru akisikia "ndege yake mwenyewe" akili inaenda moja kwa moja kwa mzungu mwenye shamba kubwa na uwanja wa majani nyuma ya nyumba, na si kosa lake, hiyo ndiyo picha aliyoachiwa.

Halafu ikaja picha ya pili baada ya uhuru, rubani wa kazi. Hii tunaipenda sana, wewe uliza darasa lolote la shule ya msingi wanataka kuwa nani, utasikia daktari, rubani, mwalimu, daktari, rubani. Nahodha akipita JKIA na mistari minne begani watu wanampisha njia. Irene Koki Mutungi alipoidhinishwa kuwa nahodha wa Boeing 787 mwaka 2014, mwanamke wa kwanza Afrika, nchi nzima ilijivunia, na ilistahili. Ila watu wachache wanajua kwamba naye alianza na leseni ndogo ya rubani binafsi, pale pale Wilson, ile ile anayoisomea mumeo saa hii.

Sasa unaona shida iko wapi. Watu wana nafasi mbili tu za kumweka mtu anayerusha ndege, ama ni mzungu tajiri ama ni mfanyakazi wa shirika. Mhasibu mwenye watoto wawili anayeenda Wilson Jumamosi asubuhi na chupa ya maji na kitabu cha hali ya hewa hana nafasi, na mtaani mtu akikosa pa kukuweka anakuweka kwenye wizi. Ndiyo maana nasema hilo la pesa chafu halina hata haja ya kukuuma sana. Hawajakuchunguza, wamekosa tu mfano wa mtu kama nyinyi.

Lakini pesa ni pesa na sitakudanganya, si hobi ya bei rahisi. Leseni nzima kwa shule nyingi hapa inapita milioni moja ya shilingi ukijumlisha masaa ya ndege, mkufunzi, vitabu, mitihani ya KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) na daktari. Kiwango cha chini ni masaa 40 ya kuruka, na mtu anayeruka wikendi tu mara nyingi anamaliza na zaidi ya hapo kwa sababu akikosa wiki tatu mkono unasahau na tunarudia. Kinacholiwa zaidi ni mafuta, hizi injini ndogo za pistoni hazinywi mafuta ya ndege kubwa, zinatumia avigesi ambayo hapa Afrika inaletwa kutoka nje na bei yake ni ya juu, na Cessna 172, kindege cha mafunzo cha viti vinne, inakunywa kama lita 30 mpaka 35 kwa saa. Ni pesa nyingi, ndiyo, lakini linganisha na vitu ambavyo huo mtaa hauvisemi. Jirani amechukua mkopo wa gari la milioni tatu na linashuka bei kila siku likiwa limepaki, hakuna mtu ameuliza pesa imetoka wapi. Wanafunzi wangu wengi ni watu wa mshahara, walimu wa chuo, watu wa kompyuta, muuguzi mmoja aliyekuwa analipa saa moja kwa mwezi na hakuongeza wala kupunguza, wameacha kitu kingine ili walipe hiki. Hao matajiri kweli wa nchi hii, nikuambie, wengi hawajifunzi kurusha, wanakodi helikopta na rubani wake wanakaa nyuma na simu.

Na hata ndege zenyewe, watu wakisikia ndege wanawaza kitu cha kung'aa. Nenda uzione. Nyingi za mafunzo unazoziona pale ni za miaka ya 1970 na ya 1980 mwanzoni, manake Cessna walisimamisha kutengeneza 172 mwaka 1986 kwa sababu ya kesi za fidia kule Marekani na hawakurudi mpaka 1996, kwa hiyo katikati pana pengo. Viti vimeshonwa upya, rangi imepigwa mara kadhaa, mlango unaufunga kwa kuuvuta kidogo juu. Lakini injini ina kitabu chake na kila saa imeandikwa, kila masaa 50 mafuta ya injini yanabadilishwa, kila masaa 100 inafunguliwa na kukaguliwa, na ikifika masaa 2000 kwa aina nyingi za injini za Lycoming inashushwa na kufunguliwa yote. Ni mzee anayetunzwa vizuri kuliko matatu yoyote unayopanda Thika Road, na hapo sitanii.

Sasa mama mkwe. Huyu ndiye ninayemheshimu kwenye barua yako kwa sababu haongei kwa wivu, anaongea kwa hofu, na hofu yake ina tarehe. Mkenya wa umri wake amesikia kwenye redio Januari 2003 ndege imeanguka Busia waziri akafariki, Aprili 2006 ndege ya jeshi Marsabit na watu 14 wakafa wakiwemo wabunge, Juni 2008 Cessna 210 imeua waziri Kipkalya Kones na Lorna Laboso wakienda Kericho, Juni 2012 helikopta ya polisi ikaanguka Ngong na Profesa Saitoti, Juni 2018 Caravan ya abiria kutoka Kitale ikagonga Aberdare watu 10 hakuna aliyepona, Aprili 2024 helikopta ya jeshi na Jenerali Ogolla. Kila mara ni mazishi na picha za mabaki kwenye gazeti. Ukimwambia mama "mtoto anarusha kindege" yeye anaona hayo mabaki.

Ila angalia vizuri hiyo orodha. Ni jeshi, polisi, ndege za kukodi, ndege ya abiria. Hakuna hata moja iliyokuwa ya mtu na hobi yake Jumamosi asubuhi. Kwenye macho ya watu kitu chochote kidogo kinachoruka ni kitu kimoja, lakini waziri anayetakiwa afike mkutanoni saa nne hali ya hewa iwe ilivyo, na mhasibu ambaye hana pa kufika, hao hawana presha moja. Mumeo anaruka Wilson, anapita juu ya mbuga, anaenda kufanya mazoezi, anarudi Wilson. Akiona wingu anaweza kurudi na hakuna mtu atakayemuuliza. Hiyo ndiyo faida kubwa ya hobi na wengi hawaioni.

Na pia sitaizunguka ile ya tarehe 5 Machi 2024, manake najua umeifikiria. Siku hiyo Dash 8 ya abiria na Cessna 172 ya mafunzo ziligongana juu ya Nairobi National Park, Dash 8 ikarudi salama na watu wake wote, na wawili waliokuwa kwenye Cessna wakafariki, mkufunzi na mwanafunzi. Ni pale pale mumeo anapofundishwa. Kwetu Wilson ilikuwa msiba wa nyumbani. Wilson ni uwanja wenye msongamano, ndege za watalii, za misaada, za miraa, za shule, zote kwenye hewa moja ndogo, na mtu yeyote akikuambia hakuna hatari hapo mkimbie. Mwanafunzi wangu namfundisha kusikiliza redio kabla ya kufundishwa kitu kingine chochote, asikilize nani yuko wapi na amchore kichwani, na macho yake yawe nje ya dirisha siyo kwenye saa za ndani, yaani vipimo vya ndege.

Hesabu zenyewe zikoje? Marekani ndiko wanakoziweka vizuri, na huko ndege ndogo za watu binafsi na mafunzo hupata takriban ajali moja yenye kifo kwa kila masaa laki moja ya kuruka. Mumeo akiruka masaa 50 kwa mwaka, ambayo kwa mtu wa wikendi ni mengi, ukifuata hesabu hiyo ni kama nafasi moja kwenye elfu mbili kwa mwaka. Si sifuri. Ukihesabu kwa saa inakaribiana na pikipiki kuliko gari, na iko mbali kabisa na ndege kubwa ya abiria ambayo ni salama kupita karibu kila kitu. Kwa hiyo mtu akisema "ndege ni salama kuliko gari" anasema juu ya ile kubwa ya abiria ya KQ (Kenya Airways), asiichanganye na hii. Hapa mama mkwe ana haki nusu yake na mumeo asimbishie.

Nusu anayokosea ni kwamba anaogopa injini. Kila mtu anaogopa injini, "ikizima si mtaanguka kama jiwe?" Hapana, haianguki. Injini ikizima Cessna 172 inaendelea kuteleza, kutoka futi 5,000 juu ya ardhi inaenda kama kilomita 12 au 13, yaani zaidi ya kutoka hapo Ruiru mpaka Juja, na hilo zoezi tunalifanya tena na tena mpaka mwanafunzi anachoka, navuta mkono wa mafuta bila kumwambia na yeye achague shamba, akishachagua nataka aniambie upepo unatoka wapi na mahindi yana urefu gani.

Kinachoua marubani wa hobi mara nyingi ni uamuzi, na hasa uamuzi mmoja, kuingia kwenye wingu au giza bila mafunzo ya kuruka kwa kutumia hizo saa za ndani peke yake. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois walichukua watu 20 wasiokuwa na mafunzo hayo wakawaweka kwenye hali kama ya wingu, kuona watadumu muda gani, na wote 20 wakapoteza udhibiti, kwa wastani wa sekunde 178. Hazifiki hata dakika tatu. Sikio la ndani linakudanganya, unahisi uko sawa kumbe ndege imeinama na inazunguka kushuka. John F. Kennedy Jr., mtoto wa yule rais wa Marekani, ndivyo alivyopotea Julai 1999, usiku wenye ukungu juu ya bahari karibu na Martha's Vineyard, ndege yake ya Piper haikuwa na ubovu uliopatikana. Na hapa kwetu wewe unajua Julai ilivyo, asubuhi wingu limekaa juu ya Ngong na Limuru mpaka saa tano, mtu ana familia inamsubiri Naivasha kwa chakula cha mchana, amelipia ndege, jua linaonekana kidogo upande ule, anajiambia nitapenya. Hapo ndipo watu wanapokufa.

Wacha nikuonyeshe upande ambao mtaa hauuoni. Kabla ya kuruka mumeo anazunguka ndege nzima kwa miguu, si kwa haraka. Chini ya bawa kuna kidude kidogo, anakisukuma na kikombe cha plastiki kinachoona, mafuta yanatoka kidogo, anayainua kwenye mwanga. Avigesi ina rangi ya bluu hafifu. Akiona tone limekaa chini kama ushanga, hilo ni maji, anamwaga anarudia mpaka yawe safi, na anafanya hivyo kila bawa na chini ya injini. Halafu anapima mafuta kwa kijiti kwenye tangi hata kama saa ya ndani inasema imejaa. Halafu anakaa na karatasi anajumlisha uzito, manake Cessna 172 ina viti vinne lakini watu wazima wanne na tangi limejaa hiyo ndege imezidi, na Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, mchana wa jua kali hewa inakuwa nyepesi mpaka ndege inajisikia kama iko futi elfu nane, inakimbia sana kwenye lami na inapanda kwa shida. Kwa hiyo siku moja atakuja kuwaambia wewe na watoto kwamba hamuendi wote, ama mnaenda na nusu tangi. Wageni watamcheka. Wewe usimcheke hiyo siku.

Sasa kuna lawama za haki na nazo nizitaje, nisije nikaonekana natetea watu wangu tu.

Ya kwanza ni kelele. Watu wa Lang'ata, Nyayo Highrise na South C wanaishi chini ya hizi ndege na ndege ya mafunzo ndiyo mbaya zaidi kwa kelele, kwa sababu haiendi, inazunguka inatua inaruka tena, saa nzima. Mtu aliyelala baada ya zamu ya usiku hana sababu ya kupenda hobi ya mumeo. Mwambie ajifunze kupunguza nguvu mapema akishapanda na asifanye mizunguko isiyo na kazi. Ya pili ni risasi, ndiyo, avigesi ya kawaida bado ina madini ya risasi ndani wakati petroli ya magari iliachana nayo zamani. Kule California kaunti ya Santa Clara waliacha kuuza avigesi yenye risasi kwenye uwanja wa Reid-Hillview tangu Januari 2022, baada ya utafiti wa damu ya watoto wanaoishi karibu. Huku kwetu hiyo mada hata haijaanza kuongelewa, na sisi marubani tulipaswa kuianza wenyewe kabla hatujaambiwa.

Ya tatu ndiyo nzito na inawahusu nyinyi moja kwa moja. Mkishajulikana mna rubani nyumbani mtapigiwa simu. "Tupeleke Diani, tutakulipa." "Kuna mgonjwa Garissa." "Kuna bosi wa pesa nzuri anataka kufika Mara." Leseni ya rubani binafsi hairuhusu kulipwa, basi, hata kama anayelipa ni shemeji na hata ikiitwa zawadi. Unamkumbuka Emiliano Sala, yule mchezaji aliyenunuliwa na Cardiff kutoka Nantes? Januari 2019 alipanda Piper Malibu usiku kuja Uingereza, rubani alikuwa na leseni binafsi tu, haikumruhusu kubeba abiria wa kulipa wala hakuwa na kibali cha usiku, ndege ikaanguka baharini karibu na Guernsey na wote wawili wakafa. Aliyepanga safari alifungwa miezi 18 mwaka 2021. Uchunguzi ulipata pia hewa ya sumu kutoka ekzosi ilikuwa imeingia ndani, na unaona, hiyo ndiyo sababu ndege za biashara zina ukaguzi na sheria nzito kuliko za hobi. Kesi moja kama hiyo inachafua marubani wote wa wikendi, na kusema kweli hapo watu wana haki ya kutuchukia.

Na ya nne ni picha. Hii tumejitakia. Rubani wa hobi anaweka picha za machweo, miguu ufukweni, miwani, bawa na Mlima Kenya nyuma. Haweki ile Jumamosi aliyoamka saa kumi na moja akaendesha mpaka Wilson, akaangalia wingu, akarudi nyumbani. Mtu anayekuona kwenye picha tu ataamini ni maisha ya anasa na majigambo, angeamini nini kingine? Ningependa mumeo aweke hiyo picha ya wingu siku moja, na aandike "leo sijaruka". Ingesaidia zaidi ya maelezo yangu yote.

Mbona basi tunafanya? Kwa sababu kuna kitu kinabadilika ndani ya mtu akijua maisha yake yako mikononi mwake na hakuna wa kumlaumu, anakuwa mtaratibu, wake zao wengi wameniambia hivyo bila kuulizwa. Na pia hii nchi imepata faida kutoka kwa watu walioanza na leseni ndogo. Michael Wood alikuwa daktari wa upasuaji akajifunza kurusha ndege ili afike walipo wagonjwa, na mwaka 1957 yeye na wenzake wawili wakaanzisha huduma ya madaktari wa kuruka ambayo leo ni Amref. Na kwa jirani zetu Tanzania, kule Serengeti, Mjerumani mtaalamu wa wanyama Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walijifunza urubani ukubwani ili wahesabu wanyama, na ile ndege yao iliyopakwa mistari ya pundamilia. Huyo mwana alikufa Januari 1959 baada ya kugongana na tumbusi angani, kaburi lake liko ukingoni Ngorongoro, watalii wanapita hapo kila siku. Nakutajia na hicho kifo makusudi. Faida na hatari zilikuja pamoja tangu mwanzo, na watu hawa walikubali hesabu hiyo macho yakiwa wazi.

Sasa wewe ufanye nini. Majirani waache, hawakuuliza ili wajibiwe. Huyo wa kanisani mwambie tu ni hobi kama kupanda mlima, aende Wilson akaulize bei, wengi wanashangaa kwamba saa moja ya kujaribu na mkufunzi si pesa ya kuuza shamba.

Mama mkwe asiambiwe ati aje apandishwe ndege, hilo kosa wanalifanya wengi, mama anapandishwa kwa nguvu ya heshima anateseka dakika arobaini anashuka amethibitisha kila alichoogopa. Mpeleke aone chini tu. Akae kwenye benchi la klabu na chai, amwone mtoto wake akizunguka ile ndege na kile kikombe, aongee na mekanika, aulize anachotaka. Halafu mumeo amuahidi vitu kwa mdomo wake mbele yako: haruki usiku, haingii wingu, habebi mtu kwa pesa, na wewe utakuwa na namba ya shule na muda wake wa kurudi. Mama wa Kikwetu akiahidiwa na mwanawe ana njia zake za kufuatilia, mwachie hiyo kazi.

Wewe mwenyewe mwangalie kwa jambo moja kwa miezi mitatu. Usihesabu ameruka mara ngapi, angalia ameahirisha mara ngapi, na akiahirisha anarudi nyumbani akiwa vipi. Akirudi ametulia, amekula, amecheza na watoto, una rubani mzuri hapo. Akirudi amekasirika, analaumu mkufunzi, anasema wingu halikuwa baya hivyo na pesa imepotea, niandikie tena, na umwambie mkufunzi wake pia bila kuona haya, sisi tunataka kujua mambo hayo na hatuwezi kuyaona tukiwa uwanjani.

Kitu cha mwisho na hiki kifanyeni wiki hii kabla hajaruka peke yake. Toeni kile kitabu cha bima ya maisha msome sehemu ya vitu visivyolipwa. Nyingi zinalipa ukifa ukiwa abiria uliyelipa nauli kwenye ndege ya shirika, lakini ukiwa wewe ndiye rubani wa hobi hawalipi kitu, na familia inakuja kujua wakati mbaya. Aende kwa wakala wake aseme wazi anajifunza kurusha, aulize nyongeza ni kiasi gani, na jibu apewe kwa maandishi, siyo kwa simu. Kama kuna mkopo wa nyumba au wa sacco umefungwa na hiyo bima, na huo auulizie hapo hapo.